Kupakua faili kubwa kwa mikondo mingi: aria2c na lftp

Laini yako ni ya megabiti 100 kwa sekunde, lakini faili la GB 40 lililo kwenye seva ya mbali linatambaa kwa 20. Piga ping kwanza. Tuseme data inachukua milisekunde 160 kwenda na kurudi. Kwa umbali huo, laini hujaa tu ikiwa MB 2 ziko njiani muda wote. TCP, itifaki inayosafirisha data hiyo, hairuhusu mkondo mmoja (muunganisho mmoja) kuwa na data njiani kuzidi dirisha lake, yaani kiasi kinachoweza kutumwa kabla ya kusubiri uthibitisho. Dirisha likiwa KB 400, hupati zaidi ya megabiti 20. Pakiti ikipotea, mkondo hupunguza mwendo, na kuupandisha tena huchukua muda. Mikondo minane ina madirisha manane, na pakiti moja ikipotea hupungua mmoja tu.

Kama seva ni yako, washa `iperf3 -s` (programu ya kupima kasi ya mtandao) huko, kisha upande wako:

`iperf3 -c seva -R -P 1`

Rudia kwa mikondo minne (`-P 4`) na minane (`-P 8`). Jumla isipopanda, usihangaike na mikondo. Kizuizi ni laini yenyewe.

Faili likiwa kwenye wavuti, endesha `curl -I` na utafute mstari `Accept-Ranges: bytes`. Seva isiyokubali kutoa vipande itakupa mkondo mmoja tu. Ukiuona, tumia aria2c, programu ya kupakua kwa mikondo mingi:

`aria2c -x 8 -s 8 -k 1M -c kiungo`

Hapa `-s` ni idadi ya vipande, na `-x` ni mikondo inayoruhusiwa kwa kila seva. Kosa la kila siku ni kuandika `-s 8` bila `-x`: chaguo-msingi la `-x` ni 1, kwa hiyo hakuna kinachobadilika. Kikomo chake ni 16. Usidanganywe na ukubwa unaoonyeshwa na `ls`, kwani aria2c hutenga nafasi yote mapema. Faili la `.aria2` likiwa bado lipo, kazi haijaisha.

Kwa SFTP (kuhamisha faili kupitia SSH), tumia programu ya lftp:

`lftp -e 'pget -n 8 -c data.tar; bye' sftp://jina@seva`

Mtandao ukikatika, usifute `data.tar.lftp-pget-status`, bila hilo `-c` haiwezi kuendelea pale ilipoishia. Baki chini ya mikondo 10. OpenSSH, programu ya SSH kwenye seva nyingi, kwa mpangilio wake wa kawaida (`MaxStartups 10:30:100`), huanza kukataa baadhi ya maombi pale miunganisho 10 inaposubiri kuthibitishwa, nawe utadhani nenosiri limekosewa.

Diski ya kuzunguka huchoka mapema: kichwa chake kinarukaruka kati ya vipande, hivyo mikondo minne yaweza kuishinda minane. Vifaili vidogo elfu kumi ni shida nyingine kabisa. Vifunge kwa `tar` kwanza. Mwishoni linganisha `sha256sum` ya pande zote mbili kabla ya kufuta nakala ya seva.