Meza ya kompyuta kwenye nyumba ya kupanga Uingereza: piga picha sakafu kwanza

Wengi wetu tunaofanya kazi ya kompyuta kutoka nyumbani huku Uingereza tunaishi kwenye nyumba za kupanga. Kwa hiyo kabla sijagusa habari ya kiti na skrini naanza na sakafu, maana sakafu ndiyo iliyonila pesa. Sheria za dipoziti, yaani pesa ya dhamana anayoshika mwenye nyumba, ninazozitaja ni za England. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini wana za kwao, kwa hiyo uliyeko Glasgow au Cardiff usome ukijua hilo.

Nilipohama nyumba niliyokuwa nafanyia kazi niliiacha imesafishwa hadi ndani ya oveni. Mtu wa wakala wa mwenye nyumba akapita chumba kwa chumba, akapiga picha, akasema yote yako sawa kabisa, akanitakia heri niendako. Siku chache baadaye barua pepe ikaingia: sakafu ya chumba kidogo ina mikwaruzo, inabidi ing'olewe yote iwekwe mpya, na gharama itatoka kwenye dipoziti yangu. Mikwaruzo ilikuwepo kweli. Ilikaa nusu duara mbele ya dirisha, pale kiti changu cha ofisi chenye magurudumu kilipokuwa kikienda mbele na nyuma kutwa nzima. Ukisimama huioni. Ukichuchumaa, mwanga wa dirisha ukapita juu yake, unaona mistari myembamba imepishana, na kwenye maungio ya mbao kingo zimeanza kumeguka. Lakini mingine kati ya mistari ile niliikuta. Na mtego ndio huo: ripoti ya kuingilia, ile inayoeleza hali ya nyumba siku unapohamia, iliandika kwamba sakafu iko katika hali nzuri, na picha zake zote zilipigwa kutoka mlangoni.

Nyumbani Afrika Mashariki tunajua inavyokwenda. Unahama, mwenye nyumba anapita, mnaongea, unaita fundi anapaka rangi, kilichobaki mnamalizana kwa maelewano, au unakaa mwezi wa mwisho ukihesabu kwamba dipoziti ndiyo kodi. Huku maneno ya mdomoni hayana uzito wowote. Yule kijana aliyeniambia yote yako sawa hakunidanganya kwa nia mbaya. Kazi yake ilikuwa kupiga picha, na ofisini picha zikalinganishwa na ripoti na mtu ambaye hajawahi kuniona.

Ripoti ya kuingilia siku hizi hutumwa kama kiungo kwenye simu, na unapewa muda mfupi, mara nyingi wiki moja, kuweka marekebisho yako. Ukinyamaza inahesabiwa umekubali. Wiki hiyo ndiyo wiki ambayo umechoka, masanduku hayajafunguliwa, na unachotaka ni kufunga meza Jumatatu uingie kazini. Nakuomba usiingize meza kwanza. Chumba kikiwa kitupu, chuchumaa na simu yako upige picha sakafu kwa karibu na kwa upande, hasa mbele ya dirisha na karibu na soketi, kwa sababu huko ndiko aliyekutangulia naye aliweka meza yake. Piga kuta, vizingiti vya madirisha, na kila tundu la msumari. Kisha usiziache kwenye simu. Zitume kwa wakala kwa barua pepe siku hiyo hiyo, uandike ni chumba gani na umeona nini, maana picha iliyobaki kwenye simu yako haina tarehe ambayo mwingine ataiamini kirahisi.

Sasa kiti chenyewe. Viti vingi vya ofisi vinavyouzwa vina magurudumu magumu ya plastiki, yaliyotengenezwa kwa ajili ya zulia. Ukiyaweka juu ya laminati (sakafu ya mbao bandia) au mbao, chembe ndogo za mchanga zilizoingia na viatu zinanasa chini ya gurudumu, uzito wako unazikandamiza, na kila ukijisogeza unasaga. Magurudumu laini ya mpira yapo, bei yake ni ndogo ukilinganisha na sakafu, na mengi unayatambua kwa rangi mbili: ukingo unaogusa sakafu una rangi tofauti na katikati. La zamani hung'oka kwa kuvutwa na jipya huingia kwa kusukumwa, ila pima unene wa kijiti chake kabla hujanunua kwa sababu havifanani. Juu ya hayo weka mkeka wa kiti. Wa sakafu ngumu uwe na mgongo laini. Wale wenye vinundu chini ni wa zulia, na ukiuweka kwenye mbao umeongeza alama badala ya kuzizuia. Kama chumba kina zulia usijione umepona, maana nalo huchakaa duara pale pale.

Kuta zifuate busara hiyo hiyo. Mjomba atakuambia kwenye simu utoboe tu, ukihama utaziba na kupaka rangi. Mjomba anakutakia mema, na kwake ingekuwa sawa. Huku rangi ikipishana kidogo tu na ya ukuta, unaweza kudaiwa ukuta mzima upakwe upya. Zaidi ya hapo, kuta nyingi za ndani ni jipsamu yenye uwazi nyuma yake, haibebi skrini kwa skrubu ya kawaida, na nyaya za umeme hupita wima na mlalo kutoka kwenye soketi na swichi, hivyo kutoboa juu ya soketi ni kujitafutia kifo. Tumia rafu ya kusimama sakafuni na mkono wa skrini unaobana kwenye ukingo wa meza. Kama meza ni ya mwenye nyumba, weka kipande cha mbao au mpira mahali pa kubana, la sivyo utaacha shimo kwenye mali yake. Gundi za kubandika nazo ni za kuogopa: siku ya kuzivua hung'oka na rangi.

Intaneti ina mtego wake. Fundi wa kuleta faiba hutoboa ukuta wa nje kupitisha waya, na kampuni kwenye fomu hukuuliza kama mwenye nyumba ameruhusu. Watu wanabonyeza ndiyo kwa sababu wanataka intaneti Jumatatu. Omba ruhusa kwa maandishi kwanza, ueleze tundu litakuwa wapi. Angalia pia mkataba wa intaneti ni wa miezi mingapi. Kufunga miezi 24 kwenye nyumba ambayo huenda ukaihama kabla ya hapo ni kununua ugomvi wa mwakani.

Fomu ya mwajiri

Hili wengi wetu hatulijui, na wanaolijua wanaona haya. Kuna kanuni za mwaka 1992 za usalama wa kazi za skrini, na zinawahusu waajiriwa wanaotumia skrini kila siku kwa saa moja au zaidi mfululizo, hata kama wanafanyia kazi nyumbani. Mwajiri anatakiwa kukagua meza yako ilivyo, kupunguza madhara, kukulipia kipimo cha macho ukikiomba, na kukulipia miwani kama unaihitaji kwa ajili ya skrini tu. Haruhusiwi kukutoza kwa kile ambacho sheria ya usalama kazini inamtaka akupe. Ukiwa umejiajiri mwenyewe, mzigo ni wako.

Ukaguzi wenyewe huja kama fomu ya mtandaoni yenye maswali ya ndiyo na hapana. Je, kiti kinapanda na kushuka? Miguu inafika chini? Mwanga unakuumiza? Na sisi, kwa adabu tuliyolelewa nayo, tunajaza ndiyo kila mahali ili tusionekane wasumbufu kwenye kazi mpya. Mgongo ukianza kuuma baadaye, fomu yako mwenyewe inasema ulikuwa umekaa vizuri. Ni mtego wa aina moja na ripoti ya nyumba, kwa hiyo narudia: huku kilichoandikwa ndicho kilichotokea. Kama unafanyia kazi kwenye meza ya kulia na kiti cha mbao, andika hivyo, na useme unachohitaji. Hakuna atakayekukasirikia. Wenzako Waingereza walishaandika zamani, kwa upole, na viti vyao vilishafika. Ukiomba kiti, omba na magurudumu ya sakafu yako. Na kumbuka kiti hicho ni mali ya kampuni. Ukiacha kazi kinarudi.

Mpangilio wa meza hauna siri. Ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho, umbali wa mkono ulionyooka, viwiko vikae kama pembe mraba, nyayo zikanyage sakafu au kibao. Laptopu peke yake haikidhi hayo, maana skrini na kibodi zimeshikana: iinue, ununue kibodi na kipanya vya pembeni. Weka skrini ubavu kwa dirisha, si kulitazama wala kulipa mgongo, kwa sababu wakati wa baridi jua la huku hutambaa chini na kukupiga usoni saa sita mchana. Usiisukume meza hadi kugusa ukuta wa nje, acha upenyo hewa ipite, la sivyo ukungu mweusi unaweza kuota nyuma yake na ukadaiwa wewe. Health and Safety Executive, mamlaka ya usalama kazini, inashauri mapumziko mafupi ya mara kwa mara: dakika 5 hadi 10 kila saa ni bora kuliko dakika 20 kila baada ya saa mbili.

Nyaya zikusanye kwa mikanda ya kunata, na ekstensheni iweke kwenye kikapu cha kubana chini ya meza. Plagi ni zile zile za pini tatu tulizozizoea, na chaja yako ya nyumbani itafanya kazi bila shida. Kuwa mwangalifu na hita. Ekstensheni ya kawaida huku hubeba ampia 13, yaani takriban wati 3,000 kwa vyote vilivyochomekwa. Hita moja ndogo ya miguuni inaweza kula 2,000. Hita ichomekwe ukutani peke yake, na usichomeke ekstensheni juu ya ekstensheni.

Wazazi na ndugu nao wanahitaji kuelezwa, kwa upendo. Mama mkubwa akipiga video saa nane mchana za nyumbani, huku wakati wa baridi ni saa tano asubuhi. Akikuona sebuleni anaamini uko likizo, anaanza habari ndefu za kiwanja. Mwambie saa zako za kazi mapema, kabla hujaanza kukata simu zake na kumwumiza.

Siku ya kuondoka

Jambo moja linalonisikitisha kwa wenyeji wetu ni jinsi walivyozoea mtu aishi miaka kwenye nyumba kama mgeni, akiogopa kugusa ukuta. Lakini lazima niseme pia haki ya upande wa pili. Hii ni jamii iliyoamua kwamba magomvi yapelekwe kwenye karatasi ili watu waendelee kusalimiana barabarani, na karatasi hiyo haiulizi unamjua nani. Mimi niliyekuja na lafudhi yangu nilisikilizwa sawasawa na mwenye nyumba.

Tangu Aprili 2007, dipoziti ya upangaji wa kawaida lazima ilindwe na mfuko ulioidhinishwa na serikali, yaani chombo cha kulinda dipoziti na kusuluhisha ugomvi juu yake, na kwa sasa mwenye nyumba ana siku 30 za kufanya hivyo tangu aipokee. Asipofanya, mahakama inaweza kumwamuru akulipe mara moja hadi mara tatu ya kiasi hicho. Sheria ya ada za wapangaji, Tenant Fees Act ya 2019, inazuia dipoziti kuzidi kodi ya wiki 5, kama kodi ya mwaka iko chini ya pauni 50,000. Lakini wewe uliyepangishiwa chumba na mtu wa kwetu anayeishi humo humo, kinga hii ya mfuko haikuhusu. Usione aibu kuomba risiti na makubaliano ya maandishi hata kama mnaitana kaka na dada.

Ukiletewa makato usiyokubaliana nayo, usipige simu kulia na usibonyeze kukubali ili yaishe. Jibu kwa maandishi, taja kiasi unachokubali na unachokataa, uombe kisicho na ubishi kirudishwe. Kilichobaki unaupelekea mfuko usuluhishe bila malipo. Pesa inahesabiwa ni yako mpaka mwenye nyumba athibitishe vinginevyo, na hana haki ya kupewa kipya badala ya kikuukuu. Uliza sakafu iliwekwa mwaka gani. Kwa mfano, zulia la pauni 600 linalotarajiwa kudumu miaka 8, likiwa limeshatumika 6, thamani iliyobaki ni pauni 150, hata kama umeliharibu lote. Mimi walidai chumba kizima. Msuluhishi wa mfuko aliuliza umri wa sakafu, akatenga uchakavu wa kawaida, akawapa sehemu ndogo kwa ajili ya nusu duara ya kiti. Picha zangu za karibu za siku ya kuingia zingekuwepo, hata hiyo isingetoka. Ambatanisha zako pamoja na barua pepe uliyozituma nazo, maana tarehe ya barua pepe ndiyo msuluhishi anayoitazama kwanza.