Unataka kufungua biashara ya programu ukiwa Kigoma? Anza na daftari la mama wa dagaa

Wadada wengi hapa Kigoma waliosoma kompyuta wananiuliza waanzeje biashara ya programu, na karibu wote wameshakaa na laptopu miezi mitatu wanakoda kitu ambacho hakuna hata mtu mmoja aliyeombwa kukilipia. Mi nawaambia funga laptopu kwanza, chukua bodaboda nenda mwaloni Katonga, pale mitumbwi inaposhusha samaki, ukakae na mama anayenunua dagaa.

Kaa naye wiki nzima, usimhoji maswali kama karani wa sensa, we msaidie kuanika na kuanua huku unaangalia anaandika nini. Mama wa kwanza niliyefanya naye kazi alikuwa na kaunta buku lenye magamba ya samaki katikati ya kurasa, upande wa kushoto majina ya waliochukua mzigo mali kauli, kulia hela alizowapa wavuvi advansi, na deni likilipwa anachora mstari tu, hakuna tarehe. Mi nilishapanga kumtengenezea programu ya stoo, kumbe magunia yake anayajua kwa macho, kinachomnyima usingizi ni wateja wa Dar na Tabora anaowatumia mzigo alafu wanabishana kimebaki kiasi gani. Kwahiyo tukaanza na kitu kimoja tu, deni: jina, kiasi, tarehe, na meseji ya kawaida inamfikia mdaiwa siku hiyohiyo ikimwambia salio lake. Meseji ya kawaida jamani, maana wengi wao wanatumia kitochi.

Na hakikisha inafanya kazi bila mtandao. Kila kitu kiandikwe kwanza ndani ya simu, data ikirudi ndo itume. Zima bando ujaribu, alafu ujaribu tena juani na mikono imelowa, utaona mwenyewe vile vitufe vidogo ulivyovipenda havibonyezeki.

Kwenye bei wengi tunakosea kwa kuiga kampuni za mjini zinazotoza kila tarehe moja. Hapa hela inafuata mwezi wa angani. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikikolea mitumbwi inapumzika, na ukimdai mama wakati huo unamwonea. Mimi wanalipa giza likiisha, kwa lipa namba, kiasi kidogo kisichomuuma. Alafu usitegemee dagaa peke yake, mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15, miezi mitatu mizima, na walionishikilia kipindi kile ni wauza mawese na duka moja la dawa pale Mwanga. Tafuta mapema mteja ambaye hategemei ziwa.

Kazi za ofisi nazo chukua, ila usiguse kibodi kabla ya mkataba na nusu ya hela. Kuna ofisi niliifanyia mfumo mzima kwa kuaminiana, miezi minane nafuatilia malipo, kila nikienda mhusika yuko safari. Ile hela ilikuwa ya ada ya mdogo wangu na bado inaniuma.

Makaratasi hayasumbui sana. Ukiwa na namba ya NIDA unasajili jina la biashara BRELA kwa mtandao, unachukua TIN, namba ya mlipakodi, kwa TRA, alafu leseni ya biashara. Kama unahifadhi majina na namba za simu za watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu, isome. Mtaji ukipungua kuna mikopo ya ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, haina riba ila mnaomba kama kikundi.

Kazi ikizidi usihangaike kutafuta vijana wa Dar. Stephanie Shirley wa Uingereza alianza kampuni yake ya programu mwaka 1962 na pauni 6, akaajiri wanawake walioacha kazi baada ya kuolewa au kuzaa, wakawa wanakoda nyumbani kwao. Barua zake za biashara zilikuwa hazijibiwi mpaka alipoanza kusaini Steve, na mtoto akilia akiwa kwenye simu na mteja anawasha kanda yenye sauti ya taipureta. Wanawake wake ndo walioandika programu ya kinasa safari cha ndege ya Concorde! Na hapa Ujiji wapo wadada wana diploma za kompyuta wamekaa nyumbani na mtoto mgongoni, mpe mmoja kazi ya kupima programu, mwingine ya kupokea simu za wateja, na umlipe kwa wakati.

Ukienda mwaloni usiende alfajiri, mitumbwi inaingia na kila mtu anagombea mzigo. Nenda saa nne, dagaa wameshaanikwa, mama amekaa kivulini na daftari lake. Msalimie vizuri, na umuulize anamdai nani zaidi.