Adeniamu yenye tumbo: kuanzia mbegu hadi chungu cha dirishani

Mgeni akiingia kwangu huuliza kwa nini nimepanda mbuyu kwenye bakuli. Ni adeniamu ile, waridi la jangwani, ambayo wauza maua wa barabarani huita dezati rozi. Ukipita Tsavo wakati wa kiangazi unaikuta porini kati ya mawe, haina jani hata moja lakini imejaa maua ya pinki. Jina imelipata kutokana na Aden, kule Yemeni, ila hapa Afrika Mashariki ni mwenyeji kabisa. Ajabu ni jinsi tunavyoiua majumbani. Lawama zote hutupiwa maji, nami kwa uzoefu wangu nasema hivi: maji yanayoiua haraka ni yale yanayokuta kidonda kibichi. Hilo litarudi katika hatua ya 5 na ya 6 hapa chini.

1. Anza na mbegu

Tawi ukilikata na kulichomeka linashika, na maua utayaona mapema, lakini shina nene la chini, tunaloliita tumbo, halijijengi vizuri. Kwa hiyo hata ukienda kununua, fukua udongo kidogo kwa kidole. Shina likishuka moja kwa moja kama fimbo, hilo ni tawi. La mbegu limevimba.

Mmea wa jirani ukizaa, maganda hutoka mawili mawili kama pembe za mbuzi. Yakianza kuwa ya kahawia, mimi huyafunga kwa kipande cha chandarua kuukuu na uzi. Ukichelewa siku moja ganda linapasuka, na mbegu, zenye vishungi vya manyoya kwenye ncha zote mbili, zinapeperuka hadi mtaa wa pili. Panda zikiwa mbichi, maana hazikai muda mrefu. Ziloweke saa chache katika maji ya uvuguvugu, zilaze juu ya mchanganyiko wenye unyevu, zifunike kidogo tu. Kwa joto la Pwani zinachomoza ndani ya wiki moja. Usitarajie rangi ya mama: mbegu za mimea iliyochanganywa huleta chochote. Anayetaka rangi maalumu anunue iliyobebeshwa, yaani tawi la rangi hiyo limeunganishwa kwenye shina la mmea mwingine.

2. Udongo

Hapa usifanye haraka. Mimi hutumia mchanga mnene wa mtoni sehemu mbili, kokoto ndogo sehemu moja, mkaa uliopondwa sehemu moja, na samadi iliyooza kabisa sehemu moja. Mchanga wa ufukweni una chumvi, uache hukohuko. Walioko Naivasha wana bahati ya kupata lile jiwe jepesi la volkeno, la kusugulia miguu; ukilivunja vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi, litashinda kokoto.

Jaribio ni rahisi. Jaza chungu, mimina kikombe cha maji. Yakituama juu, ongeza mchanga na kokoto. Yanatakiwa kuzama papo hapo na kutoka chini. Chungu chenyewe kiwe kipana, kifupi, cha udongo wa kufinyanga ukikipata, na lazima kiwe na tundu.

3. Jua

Saa sita za jua kwa siku, au karibu na hapo. Changu cha ndani kiko dirishani, upande wa mashariki, nami hukizungusha robo kila wiki kisije kikainama. Katikati ya sebule, kando ya televisheni, mmea utarefuka shingo na hautatoa maua.

4. Maji: minya tumbo

Ratiba ya kumwagilia siiamini. Naamini vidole. Chomeka kijiti cha mishikaki hadi chini ya chungu. Kikitoka na udongo umeganda, ngoja. Kisha minya tumbo taratibu kwa dole gumba. Likiwa gumu kama kiazi kibichi, limeshiba. Likibonyea kidogo na udongo ni mkavu, lina kiu, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Likibonyea huku udongo umelowa, acha kila kitu uende hatua ya 6.

Wakati wa masika ondoa chungu kwenye matone ya bati. Huko Nairobi na Arusha, baridi ya Juni hadi Agosti ikiangusha majani, punguza maji karibu yote. Mmea umelala tu.

5. Kuinua tumbo

Kila mwaka au miaka miwili, msimu wa joto ukianza, ng'oa mmea, kung'uta udongo, punguza mizizi myembamba ya pembeni kwa kisu kilichopanguswa kwa spiriti. Sasa usipande. Uweke kivulini, penye hewa, siku tano hadi saba, mpaka vidonda viwe na ngozi kavu. Halafu panda kwenye udongo mkavu, tumbo likiwa juu zaidi ya mwanzo kwa sentimita mbili hivi, na usimwagilie wiki nyingine nzima. Mara ya kwanza nilikosa subira. Nilipanda jioni ileile na kumwagilia kwa huruma, na ndani ya wiki mbili kidole kilizama kwenye shina kama kwenye papai lililoiva. Mmea wa miaka minne.

Matawi pia hukatwa msimu huohuo, kwa kuwa maua hutoka kwenye ncha mpya. Vaa glavu. Utomvu wake una sumu ya moyo, na Wahadzabe wa upande wa Ziwa Eyasi hupaka mishale yao sumu ya adeniamu. Chungu kikae mbali na watoto na mbuzi, na kisu hicho kisirudi jikoni kabla ya kuoshwa vizuri.

6. Ikioza

Ng'oa. Kata sehemu laini ya kahawia, pangusa kisu, kata tena, endelea mpaka nyama iwe nyeupe yote. Doa moja likibaki, umefanya kazi bure. Paka unga wa mkaa au wa mdalasini, ning'iniza kivulini wiki mbili, ndipo upande kama hatua ya 5. Ninao mmoja uliobaki nusu ya tumbo, na ndio wenye umbo ninalolipenda kuliko yote.

7. Wadudu

Vidukari vya manjano kwenye vikonyo vya maua: maji ya sabuni yanatosha. Vidudu vyeupe kama pamba: vipanguse kwa pamba yenye spiriti. Ukiamka ukakuta majani yameliwa usiku kucha, tafuta kiwavi mnene wa kijani mwenye madoa mawili ya buluu kama macho. Mtoe kwa mkono.