Jinsi ya Kutambua Wefa ya Prosesa ya Zamani

Muuzaji akikuambia wefa yake ni ya prosesa ya mwaka 1974, weka maneno yake kando kwanza na uchukue rula. Wefa, yaani kile kisahani chembamba cha silikoni ambacho chipu hutengenezwa juu yake kabla ya kukatwa moja moja, imebeba ushahidi wake yenyewe.

Pima kipenyo. Prosesa ya Intel 4004 ya mwaka 1971 ilitengenezwa kwenye wefa za inchi 2, na Intel 8080 ya mwaka 1974 kwenye za inchi 3. Wefa za milimita 100 zilishika kasi katikati ya miaka ya 1970, 150 mwanzoni mwa miaka ya 1980, 200 kuanzia kama 1990, na 300 baada ya 2000. Kipenyo kinakupa mwaka ambao wefa haiwezi kuutangulia. Hakikuambii mwaka wa mwisho, kwa kuwa viwanda vingi viliendelea na wefa ndogo kwa muda mrefu. Kwa hiyo 8080 kwenye wefa ya milimita 150 inaweza kuwa halali kabisa, ila si ya toleo la kwanza.

Kisha tazama ukingo. Wefa za hadi milimita 150 huwa na upande ulionyooka, na mara nyingi wa pili mfupi zaidi. Zile kubwa huwa na kipengo kidogo tu. Katika wefa ndogo, upande mfupi ukiwa digrii 90 kutoka ule mrefu, kwa kawaida silikoni ni ya aina P. Ukiwa digrii 45, ni ya aina N. P na N ni aina mbili za silikoni, kulingana na kiambato kilichochanganywa humo. 8080 ilijengwa kwa NMOS, aina ya transista zinazopitisha umeme kwa elektroni, inayohitaji silikoni ya aina P. Mimi huichukua hiyo kama dalili, si hukumu.

Sasa ukubwa wa chipu. Usipime moja, pima kumi zilizopangana mstari mmoja, ugawe kwa kumi. 4004 ina takriban milimita 3 kwa 4, ilhali Pentium ya kwanza ya mwaka 1993 ina upande wa kama milimita 17. Mtu akikuonyesha "Pentium" ya milimita 5, mrudishie.

Kazi yenyewe hasa iko kwenye hadubini. Tafuta ile inayomulika kutoka juu, kwani mwanga wa chini haupenyi silikoni. Hapa ndipo wengi huuziwa chipu za kumbukumbu, yaani za kuhifadhi data, kwa jina la prosesa. Chipu ya kumbukumbu ni viraka vikubwa vinavyofanana kabisa, vimepangwa kwa ulinganifu, na vipande vyembamba vya saketi katikati na pembeni. Prosesa ya zamani ni mchanganyiko: upande mmoja una kiraka chenye mpangilio, mara nyingi ROM (kumbukumbu ya kusomwa tu) ya maagizo ya ndani au rejista (vihifadhi vidogo vya namba zinazochakatwa), na kwingine nyaya zimepinda bila utaratibu unaouona haraka. Napenda sana sehemu hizo zisizo na mpangilio, maana katika chipu za kwanza zilichorwa kwa mkono wa binadamu.

Zunguka kingo na pembe za chipu ukitafuta maandishi. Kwenye 4004 utakuta herufi F.F., za Federico Faggin, mhandisi aliyeongoza usanifu wake. Herufi M ndani ya duara inaashiria ulinzi wa sheria ya Marekani ya mwaka 1984, hivyo mchoro huo hauwezi kuwa wa miaka ya 1970. Mwaka ulioandikwa ni wa usanifu. Wefa yenyewe inaweza kuwa ya miaka kadhaa baadaye. Namba iliyoandikwa kwenye chipu nayo huenda ikawa ya ndani ya kiwanda, tofauti na ile iliyouzwa dukani, kwa hiyo linganisha mpangilio wa viraka na picha za chipu zinazojulikana.

Nukta za wino si uchafu: ni alama za chipu zilizofeli majaribio. Usizifute. Chipu chache zenye sura tofauti na jirani zake ni za kupimia ubora wa utengenezaji, nazo huongeza thamani machoni pangu.

Vaa glavu, shika ukingoni, usipanguse uso kwa kitambaa. Vumbi liondoe kwa kipulizio cha mpira. Lebo ibandike kwenye kasha, uandike kipenyo, ukubwa wa chipu na maandishi uliyoyasoma. Jina la prosesa liandike kwa penseli hadi mpangilio wa viraka ulingane na picha.