SOMO: Jinsi ya kuizuru Fort Jesus ukatoka umeielewa

Wakuu, kila likizo naulizwa lile lile: "Nikifika Fort Jesus, ile ngome ya kale ya Mombasa, naangalia nini?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

1. Nenda mapema. Hufunguliwa saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, kila siku.

2. Beba kitambulisho, mwananchi na mgeni hawalipi sawa. Weka pesa kwenye simu.

3. Maji, kofia, viatu visivyoteleza.

4. Panda kuta kwanza, makumbusho yasubiri.

Hapa ndipo nilipoharibu. Mara ya kwanza kuwapeleka wanangu tuliingia makumbusho moja kwa moja, tukasoma habari za vyungu na sahani mpaka adhuhuri. Kutoka nje, jua liko utosini, mawe ya matumbawe yanarudisha joto, mdogo analia. Kuta tukaziacha. Wakarudi nyumbani wanajua vyungu, hawajui mizinga ilimlenga nani, na nilijuta sana.

Kwa hiyo anza juu, upande wa bahari. Utaona mlango wa kuingilia Bandari ya Kale: kila chombo kilichoingia kilipita mbele ya mizinga. Kisha tazama pembe. Buruji nne, S. Filipe, S. Alberto, S. Mateus na S. Matias, zimechomoza nje ili askari wa buruji moja aweze kupiga ubavuni mwa ukuta wa jirani. Adui aliyefika chini ya ukuta hakuwa na pa kujibanza. Hiyo ni hesabu ya Giovanni Battista Cairati, Mtaliano aliyewachorea Wareno ngome hii. Ilijengwa 1593 hadi 1596.

TAHADHARI: watoto washikwe mkono. Usipande kati ya saa sita na saa tisa. Na usichore jina lako ukutani, tafadhali sana.

5. Fuata miaka. Dom Jerónimo na Sultani Yusuf bin Hasan ni mtu mmoja, msiwagawe wawili. Alilelewa na Wareno huko Goa, India, akabatizwa, akarudishwa kutawala Mombasa. 1631 akamuua kapteni wa ngome na kuiteka.

Kisha Machi 1696 Waomani wakaizingira, mpaka Desemba 1698. Hapa naomba usimame kidogo. Kufikia mwisho wa Agosti 1697 maradhi yalikuwa yamewamaliza Wareno waliokuwa ndani. Walioishika ngome hadi msaada ulipofika Septemba ni Sheikh Daud wa Faza, jamaa zake 17, wanaume Waafrika 8 na wanawake Waafrika 50. Wanawake hamsini! Kila nikisikia hadithi hii ikisimuliwa kama ugomvi wa Wareno na Waarabu peke yao, naumia.

6. Sasa ingia makumbusho. Tafuta vitu vya Santo António de Tanná, meli ya Kireno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697. Wapiga mbizi waliichimbua kati ya 1977 na 1980. Ukishajua habari za mazingiwa, vitu hivyo vitasema nawe. Usikose pia michoro ya meli na samaki iliyoachwa ukutani na Wareno.

7. Maliza kwa Nyumba ya Waomani, juu ya S. Filipe. Upepo mzuri.

MASWALI

Chaja_Moto: bro inafunguliwa saa ngapi na ni how much

Mleta somo: Hatua ya 1 na ya 2.

Chaja_Moto: si ungejibu tu

Mleta somo: Nimejibu, iko juu. Viwango vimebandikwa langoni na hubadilika. Siandiki bei itakayompotosha mtu mwakani.

Simba_Kavu: Hii ngome ni ya Waarabu. Acha kupotosha watu.

Mleta somo: Soma kabla ya kupinga. Kuijenga na kuiteka ni mambo mawili. Baada ya Waomani kuiteka, ukoo wa Mazrui uliitawala Mombasa kutoka humo mpaka Seyyid Said, Sultani wa Omani na Zanzibar, alipoichukua 1837. Hakuna nilipowanyima haki yao.

Bintitanga: Shikamoo mwalimu. Nilisikia neno "gereza" lina uhusiano na ngome. Ni kweli?

Mleta somo: Marahaba binti, umeuliza la maana. Linatokana na "igreja", kanisa kwa Kireno. Ndani ya ngome palikuwa na kanisa, utaonyeshwa mabaki yake uani. Neno likahama kutoka kanisa kwenda boma, kutoka boma kwenda jela. Na Waingereza wakaifanya ngome yenyewe jela, 1895 hadi 1958! Meza, bendera na leso nayo ni maneno ya Kireno. Ukifika pale simama uani uliseme "gereza" polepole.

Bintitanga: Nimesisimka. Baada ya hapo nielekee wapi?

Mleta somo: Ingia Mji wa Kale kwa miguu, ufuate Ndia Kuu. Uliza Msikiti wa Mandhry, wa tangu 1570. Jioni kula viazi karai na ukwaju.

Nahodha_Mstaafu: Naongeza. Maji yakikupwa, izunguke kwa nje upande wa bahari. Utaona ngome ilivyokalia mwamba wa matumbawe, hujui mwamba unaishia wapi na ukuta unaanzia wapi.

Mleta somo: Ahsante mzee wangu, hilo sikuliwaza. Naliweka hatua ya 8.