Somo: Kuchagua foko ya shokapu ya baiskeli ya milimani, anza na shingo

Wadau, mtu akitaka kubadilisha foko, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, swali lake la kwanza huwa ni "nichukue kampuni gani?" Swali hilo liwekeni mwisho. Baiskeli nyingi tunazopanda ni mitumba ya Ulaya yenye foko nzito ya springi, mara nyingi SR Suntour XCT au ndugu zake, na kila fremu ina vipimo vya enzi zake. Foko nzuri isiyoingia kwenye fremu yako ni chuma chakavu ulichonunua kwa bei ya dhahabu. Kwa hiyo tushike futikamba kwanza, pochi baadaye.

Hatua ya 1: Shingo

Shingo ni lile bomba la foko linalopanda ndani ya fremu mpaka kwenye stemu, kile kipande kinachoshika usukani. Utakutana na aina mbili: iliyonyooka, inchi 1⅛ (mm 28.6) juu hadi chini, na iliyotanuka, inchi 1⅛ juu na 1½ chini. Tazama kichwa cha fremu kwa mbele. Kikiwa kinene chini kuliko juu, karibu hakika kinapokea iliyotanuka. Kikiwa sawasawa, ng'oa foko na vikombe vya beringi upime tundu kwa kalipa. Mm 34 ni shingo iliyonyooka tu, hakuna ujanja. Mm 44 inapokea zote mbili, ila iliyotanuka itahitaji kikombe cha chini kinachokaa nje ya fremu. Foko nyembamba huweza kukaa kwenye fremu pana kwa ringi ya kupunguzia. Foko pana kwenye fremu nyembamba haiingii, hata fundi aape.

Kisha urefu, na hapa ndipo wanunuzi wa mitumba wanapolia. Foko iliyotumika ilishakatwa shingo kwa kipimo cha fremu ya mwenyewe wa kwanza. Pima ya kwako kuanzia juu ya taji, pale miguu miwili inapoungana, mpaka juu ya stemu, washa zote zikiwemo. Tuseme umepata mm 195 na ya muuzaji ina mm 190: toa washa moja, yameisha. Ikiwa na mm 165, mrudishie. Atatokea fundi wa kuchomelea aseme ataiunga. Shingo za foko za maana nyingi ni alumini, na ndiyo inayounganisha usukani na gurudumu. Ikikatika mteremkoni hakuna breki itakayokusaidia.

Hatua ya 2: Gurudumu, ekseli, breki

Saizi ya gurudumu (26, 27.5 au 29) ifanane na foko. Foko za zamani zina midomo ya wazi kwa ekseli ya mm 9 na habu (kitovu cha gurudumu) ya upana wa mm 100. Mpya nyingi zina ekseli nene ya mm 15, na habu ya mm 100 au 110. Hiyo ya 110 ndiyo wanayoiita Boost. Habu ya mm 9 mara nyingi haigeuziki kuwa ya 15, basi weka kabisa kwenye hesabu bei ya habu na ya kusuka spoku upya. Kama bado unatumia breki za kubana ringi, angalia kama foko mpya ina vishikizo vyake. Nyingi za sasa ni za diski tu.

Hatua ya 3: Urefu wa kuzama

Huu ni umbali ambao foko inaweza kuzama, kwa milimita. Vijana wanapenda foko ndefu. Fremu iliyoundwa kwa mm 100 ukiifunga foko ya mm 140, mbele inanyanyuka, pembe ya usukani inalala (takriban digrii 1 kwa kila mm 20), na ukipanda mlima gurudumu la mbele linatangatanga. Fremu nayo inabebeshwa nguvu ambayo haikuundiwa. Mimi sivuki mm 20 za ziada, na mtengenezaji akiandika kikomo, nafuata chake. Usiamini stika peke yake. Pima kutoka katikati ya ekseli hadi chini ya beringi ya taji kwenye foko zote mbili, ulinganishe.

Hatua ya 4: Kilichomo ndani

Hapa ndipo hela inapostahili kwenda. Kile kitasa cha juu cha foko rahisi, ambacho watu huzungusha wakidhani wanaongeza ugumu, kinaibana springi mwanzoni tu. Springi inabaki ile ile, imepangwa kwa mtu wa uzito wa kati. Foko ya upepo unaijaza kulingana na kilo zako, na ni nyepesi zaidi.

Lakini upepo bila oili ya kudhibiti marejeo, yaani foko kurudi juu baada ya kuzama, utakurusha. Tafuta kitasa kidogo chini ya mguu wa kulia. Kwenye foko za kampuni ya RockShox huwa chekundu. Ukikikaza foko inarudi polepole, ukikilegeza inarudi haraka. Foko isiyo na kitasa hicho, hata ikiwa ya upepo, mimi siinunui.

Unene wa miguu ya juu, ile inayong'aa, nao una maana. RockShox Judy ina mm 30, Recon ina mm 32. Mtu mzito, au anayeshuka kwa kasi kwenye mawe, aanzie 32.

Kwa mtumba, pitisha ukucha taratibu kwenye miguu inayong'aa. Ukikwama kwenye mchubuko, sili (mpira unaozuia oili) italiwa na oili itatoka. Bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ulegevu ukiusikia kati ya mguu wa juu na wa chini, bushi zimekwisha. Soma pia namba ya mfululizo (serial) iliyochongwa nyuma ya taji (RockShox) au kodi yenye herufi nne kwenye mguu wa chini (Fox). Ukiiingiza kwenye tovuti ya kampuni utajua foko ni ipi hasa, stika iseme isemavyo.

Hatua ya 5: Kujaza

Tumia pampu ya shokapu, ile ndogo yenye geji. Kompresa ya gereji ikae mbali. Vaa unavyovaa safarini, panda, na usogeze ule mpira mwembamba wa mguuni mpaka kwenye sili. Shuka bila kudunda. Foko ya mm 100 iwe imezama kama mm 20.

Maswali ya wanachama

Moshi: Nina 26 ya breki za kubana ringi, fremu ya alumini. Nimeona foko ya mm 120 ya diski, nichukue?
Hapana, kaka. Utanunua foko, habu, breki na diski, ukimaliza umefikia bei ya baiskeli nyingine iliyotimia. Foko mpya nzuri za 26 zenyewe hazipatikani kirahisi. Fungua hiyo ya sasa, isafishe, ipake grisi, na weka tairi pana kadiri fremu inavyoruhusu.

Lushoto: Nina kilo 50, foko yangu ya springi haizami kabisa. Imekufa?
Huenda ni nzima, dada, ila springi ni ngumu kwako. Wepesi ndio wanaofaidika zaidi na upepo. Ukiipata, anza na upepo mdogo na ulegeze kitasa cha marejeo.

Iringa: Oili inaacha pete nyembamba mguuni baada ya safari. Kuna shida?
Utando mwembamba ni kawaida. Ikidondoka, sili zimechoka. RockShox wanataka miguu ya chini ifunguliwe na kubadilishwa oili kila saa 50 za kuendesha. Kwa vumbi letu jekundu, usizipitishe.

Dar: Naendesha lami, kutoka Mbagala hadi mjini. Nifunge foko gani?
Funga foko ngumu isiyo na shokapu, mkuu. Utaokoa kilo na hela.