SOMO: Gari inatetemeka ukikanyaga breki, pima kwanza ndo ununue diski

Wadau nimeamua kuliandika hili mara moja, maana simu ni zile zile, "fundi nikiwa spidi 80 nikikanyaga breki stelingi inacheza, diski shilingi ngapi?" Mwingine anapiga ameshalipia, yuko dukani Mwanga hapa Kigoma anataka nimwambie tu afunge. Tulieni. Diski (ile sahani ya chuma inayozunguka na tairi, breki huibana) inaweza kuwa mbovu kweli lakini mara nyingi kilichoiharibu kimebaki kwenye gari, na hiyo mpya kitaila vile vile.

Hatua ya 1. Hakikisha ni breki. Tafuta kipande cha lami kilichonyooka, njia ya Kidahwe kwa mfano, panda mpaka 80 bila kugusa breki. Ikitetemeka hapo hapo achana na diski, kaangalie balansi, tairi lililovimba, na kipindi hiki cha mvua chungulia ndani ya rimu, udongo ukikaukia upande mmoja gari inacheza kama ina ugonjwa mkubwa.

Hatua ya 2. Mbele au nyuma? Stelingi ikicheza, anza mbele. Stelingi ikitulia ila kiti na pedali vinadunda, anza nyuma. Kama nyuma ni dramu (ngoma ya chuma, shuu zinaikamata kwa ndani), kwenye barabara kavu isiyo na mtu nenda 40, shikilia kitufe cha handbreki kikiwa kimebonyea muda wote, vuta taratibu. Ikidunda, dramu haiko duara tena. Gari yenye diski nyuma jaribio hili linaweza kukudanganya, nyingi handbreki yake inakamata shuu ndogo zilizo ndani ya diski na wala haigusi pedi (vile vibao vinavyobana diski).

Hatua ya 3. Zuia matairi, piga jeki, weka stendi, toa tairi. Jeki peke yake usiingize mwili.

Hatua ya 4. Tikisa viungo vinavyoshika tairi: boljointi, tairodi, bushi za loweamu na beringi. Vikilegea, mtetemo mdogo wa diski unafika kwenye stelingi ukiwa mkubwa.

Hatua ya 5. Kalipa, yaani kile kinachoshika pedi na kuzibana kwenye diski kwa pistoni. Pini zake ziteleze kwa mkono na pistoni irudi bila kung'ang'ania. Pini ikikwama pedi inabaki imekumbatia diski, rimu moja inakuwa ya moto kuliko mwenzake. Paka grisi ya breki, siyo ile ya beringi, hiyo inavimbisha raba na pini inakwama upya.

Hatua ya 6, na hapa naomba msome polepole. Kabla hujatoa diski weka alama ya chaki kwenye diski na kwenye stadi moja (zile bolti zinazoshika rimu) ujue ilikaaje. Ukiitoa, tazama uso wa habu (kitovu cha gurudumu), pale diski inapoegemea. Utakuta kutu imeota kuzunguka stadi. HIYO KUTU NDO ADUI. Piga brashi ya waya na msasa mpaka chuma kionekane, kuzunguka kila stadi na kwenye kona ya katikati, halafu safisha na ndani ya diski vile vile. Ukiacha chembe moja, diski inakaa imeinama kidogo sana, na kwa sababu ukingo wake uko mbali na katikati, ule mwinamo unakua ukifika kwenye pedi. Rudisha diski, ibane na nati zote (weka washa kama nati haifiki), funga geji yenye mshale (inapima kuyumba) kwenye nako (chuma kinachobeba habu, chenyewe hakizunguki), ncha iguse diski milimita 10 kutoka ukingoni, zungusha taratibu. Toyota nyingi ndogo kikomo cha kuyumba ni milimita 0.05, yaani chini ya unene wa unywele. Ikizidi, toa diski uihamishe stadi moja mbele, pima tena, endelea mpaka upate inapokaa vizuri zaidi. Usiruke hii kwa sababu diski ni mpya! Mpya kwenye habu chafu itatulia mwanzoni, mteja atakushukuru, halafu baada ya miezi anarudi na tatizo lile lile na hasira juu. Pima na unene kwa maikromita sehemu nane za mzunguko, tofauti ya milimita 0.02 tu inatosha kuisikia kwenye pedali, na unene ukiwa chini ya namba iliyogongwa kwenye diski, MIN TH (unene wa chini kabisa), hiyo diski ni ya kutupa.

Hatua ya 7. Nati zikazwe kwa msalaba, awamu mbili tatu, umalizie na spana ya kupimia. Toyota IST na Corolla ni Nm 103 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Mashine ya upepo ikipewa uhuru inabana nati moja kupita nyingine na diski inavutwa upande.

MASWALI

Dereva wa Noah: Fundi sijasoma yote niko njiani, yangu inavibreti ukishika breki, diski gani nzuri?
Jibu: Inatetemeka stelingi au kiti?
Dereva wa Noah: Inatetemeka tu. Si useme diski kaka, mafundi mnapenda kuzungusha watu.
Jibu: Kukutajia diski ingenichukua sekunde moja, na hela ingekuwa yako. Hatua ya 2 haihitaji hata spana. Ifanye ukifika, uniambie.

Binti Ujiji: Shikamoo fundi. Sijaelewa kitu, kama diski imeinama tangu siku ya kufungwa, kwa nini isitetemeke siku hiyo hiyo?
Jibu: Marahaba binti yangu, swali zuri sana. Kalipa inaelea kwenye pini zake, kwaiyo diski ikiyumba kidogo kalipa inaifuata, husikii kitu. Ila ukiwa unatembea bila breki, ile sehemu iliyoinuka inaigusa pedi kila mzunguko, inalika kidogo kidogo. Baada ya kilomita elfu kadhaa pale pamekuwa pembamba kuliko kwingine, na sasa ukikanyaga pistoni inasukumwa na kurudi, maji ya breki yanaleta ule mdundo mpaka mguuni. Kinachotetemesha ni unene usio sawa, mwinamo ndo uliouzaa.
Binti Ujiji: Kumbe! Na kuchonga je?
Jibu: Kunasaidia kama ikishachongwa bado iko juu ya MIN TH. Anayechonga asafishe na pale anapoibana kwenye mashine, la sivyo anachonga mwinamo mpya. Na habu usafishe bado.

Mzigo Uvinza: Mimi nabeba chumvi, nyuma inakula dramu sana.
Jibu: Chumvi na maji ya samaki ni kitu kimoja kwa chuma, vinalisha kutu. Ukishusha mzigo osha chini kwa maji mengi, ila rimu zipoe kwanza. Ukifungua dramu, uso wa habu upige brashi hata kama hukwenda kwa ajili hiyo.

Wa Katubuka: Yangu pedali inatetemeka nikifunga breki ghafla kwenye vumbi tu, lami hakuna kitu.
Jibu: Kama ina ABS hiyo ndo kazi yake, inaachia na kukamata tairi lisiserereke. Usiiguse, na usiachie pedali.

Mzee wa Manyovu: Nikishuka milima huku ikifika chini inatetemeka, ikipoa inaacha.
Jibu: Shikamoo mzee wangu. Huo ni moto, na pedi inaacha nyama yake juu ya diski. Shuka na gia ndogo, kama ni otomatiki weka 2 au L kabla mteremko haujaanza, breki ukamate kwa nguvu kisha uachie, usiikalie njia nzima. Ukisimama chini ikiwa ya moto usibaki umeikanyaga, zuia kwa handbreki na gia. Na kabla ya safari nyingine pini za kalipa ziangaliwe, isije ikawa moja imekwama.

Dereva wa Noah: Nimefanya fundi. Stelingi imetulia, kiti ndo kinadunda, na nikivuta handbreki inadunda zaidi.
Jibu: Basi diski za mbele ziache dukani. Fungua dramu za nyuma, pima kipenyo sehemu tatu nne, unitumie namba.